Je, umbo la mwili ndilo linalochagua nafasi ya mchezaji wa hoki?

Ukurasa wa familia mwezi huu umeletwa na barua kutoka Bilpam. Wengi mnapajua: ni kule Juba penye makao makuu ya jeshi, mahali palipopewa jina la Bilpam ile ya zamani ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, ambako SPLA ilijikusanya kuanzia 1983. Lakini barua yenyewe haihusu jeshi wala siasa. Ni baba anauliza habari za mpira wa magongo, yaani hoki.

Baba huyu ana watoto wawili ambao sasa wanamnyima usingizi. Wa kwanza ni kijana wa miaka 16, mrefu mpaka anainama akipita mlangoni. Huyo hana tatizo, asema baba, maana kila anayemwona humwambia apelekwe kwenye mpira wa kikapu. Wa pili ni binti wa miaka 14, mfupi, mwembamba, anasoma shule ya bweni Kenya kwa msaada wa shangazi yake. Shuleni kwao wanacheza hoki. Binti anataka kuwa golikipa. Mwalimu wa michezo amekataa, amesema yeye ni mdogo na mwepesi kwa hiyo ni winga, na golini amemweka msichana mwingine kwa sababu ana mwili mkubwa, "ataziba goli". Huyo mwenzake naye hataki kukaa golini, na wenzake wameanza kumwita gunia. Sasa binti amerudi likizo amenuna, anasema asipodaka hatacheza. Na baba anaona afadhali aache kabisa: fedha ni shida, gongo la hoki si bei ndogo, halafu mtoto mwenyewe hana mwili. Anatuuliza: je, ni kweli kwamba katika hoki mwili ndio unaosema mtu acheze wapi?

Barua hii tuliijadili kwa muda mrefu hapa kwenye meza yetu, na hatukuwa na sauti moja. Wengine wetu tumesoma Kenya na Uganda na tumecheza hoki ya shule, wengine hatujawahi hata kushika gongo. Tukaamua kutafuta habari zenyewe, halafu tuseme tunavyoona.

Kikapu kiko juu, goli liko chini

Kwanza tumwelewe baba. Mtu anayeishi Juba ana haki ya kuamini kwamba mwili ndio kila kitu, kwa sababu mchezo uliolipa jina taifa la Sudan Kusini ni mpira wa kikapu, na katika mchezo huo urefu ni mali. Kikapu kimetundikwa mita 3.05 kutoka chini. Hakishuki kwa ajili ya mtu mfupi. Manute Bol, mtoto wa wachunga ng'ombe ambaye amezikwa kwao Turalei mwaka 2010, alikuwa na urefu wa mita 2.31. Alipoingia ligi ya Marekani ya NBA mwaka 1985 alizuia mipira 397 katika msimu wake wa kwanza tu. Hadi anastaafu alikuwa amezuia mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599, yaani alizuia mara nyingi kuliko alivyopata pointi. Nani angemweka mtu kama huyo mahali pengine zaidi ya chini ya kikapu?

Baada yake akaja Luol Deng, mzaliwa wa Wau, aliyekimbia na familia yake mpaka Misri kisha Uingereza. Huko Misri huyohuyo Manute ndiye aliyewafundisha yeye na ndugu zake mpira. Deng ana mita 2.06. Na siku hizi wapo vijana kama Khaman Maluach, aliyekulia Uganda katika familia ya wakimbizi, akaanza kushika mpira akiwa na miaka 13 hivi. Mwaka 2024 alicheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, na mwaka 2025 alichaguliwa kuingia NBA akiwa mtu wa 10 katika orodha. Urefu wake ni mita 2.18. Sasa mzazi wa Bilpam akiona hayo, halafu akimtazama binti yake mdogo, si atasema michezo ina wenyewe?

Hata hivyo, huko kwenye kikapu kwenyewe mambo si rahisi hivyo. Msimu wa 1987 hadi 1988 Manute Bol alicheza timu moja ya Washington na Muggsy Bogues, mtu wa mita 1.60. Ndiyo, mita moja na sentimita 60, pengine shangazi yako anamzidi. Picha zao wamesimama pamoja zilichekesha dunia nzima, lakini Bogues hakuwa kichekesho: alidumu NBA misimu 14, kazi yake ikiwa kuuleta mpira mbele na kuwagawia wenzake. Na ile siku ya tarehe 28 Julai 2024, Sudan Kusini ilipoifunga Puerto Rico 90 kwa 79 na kupata ushindi wake wa kwanza wa Olimpiki, aliyeongoza mchezo alikuwa Carlik Jones, mzaliwa wa Marekani aliyechukua uraia wa Sudan Kusini. Huyu ana karibu mita 1.85, na katika timu ile ya miti mirefu anaonekana kama mdogo wao. Alifunga pointi 19.

Kwa hiyo hata mahali ambapo mwili unatawala kweli, unatawala nafasi fulani tu, siyo zote. Tuache kikapu sasa, twende kwenye hoki aliyoiuliza baba.

Ukiitazama hoki ya uwanjani kwa mara ya kwanza, jambo la kwanza unaloona ni migongo. Watu wote wameinama. Mpira uko chini, ni mgumu kama jiwe, una uzito wa gramu 160 hivi, na gongo kwa sheria halizidi sentimita 105. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kijana wa mita mbili na gongo la chini ya mita moja lazima ajikunje mpaka kiuno kimlilie. Mtu mfupi ameshafika chini, hana safari. Mpira wa kikapu unampandisha mtu juu, huu wa magongo unamshusha. Ndiyo maana sisi tunasema kipimo cha Juba, kile cha kumtazama mtoto kuanzia unyayo hadi utosi, kimetengenezwa kwa mchezo mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Katika hoki ya uwanjani hairuhusiwi kumsukuma mtu kwa mwili, na pia hairuhusiwi kuuficha mpira kwa mwili. Katika soka ukiwa na mgongo mpana unaukinga mpira, beki anazunguka zunguka nyuma yako kama kuku, na mwamuzi hasemi kitu. Katika kikapu mtu mzito anampigia mwenzake mgongo mpaka chini ya ringi. Kwenye hoki ukifanya hivyo filimbi inalia, mpira unapewa wapinzani. Gongo lenyewe linapiga kwa upande mmoja tu, ule ulio bapa wa kushoto, wala magongo ya watu wa mashoto hayaruhusiwi, kwa hiyo mchezaji anatakiwa kugeuza viganja na kuzungusha miguu haraka haraka kila wakati. Mwenye mikono laini na miguu myepesi ndiye anayekula vizuri hapo. Jamie Dwyer wa Australia, ambaye ni mtu mfupi ukimlinganisha na wanamichezo wengine wa kwao, alitajwa mchezaji bora wa dunia mara tano, na bao lake ndilo lililoipa Australia dhahabu ya Olimpiki huko Athens mwaka 2004.

Je, tunasema basi mwili hauna kazi katika hoki? Hapana, hatusemi hivyo, tusije tukamdanganya mtu. Beki mwenye mikono mirefu hufika mbali. Anaweza kunyoosha gongo kwa mkono mmoja akaugusa mpira ambao mwingine angeukimbilia hatua mbili. Mtu mwenye mabega na mapaja yenye nguvu hupiga mpira mzito, na kwenye ile kona ya adhabu, ambayo ndiyo njia kubwa ya kupata mabao, makocha hupenda mtu mwenye nguvu ya kuuburuza mpira na gongo kisha kuurusha golini. Kiungo wa kati anatakiwa awe na mapafu, maana hapumziki. Winga anatakiwa mbio. Hayo yote ni ya mwili. Lakini mapafu na mbio havionekani mtoto akiwa amesimama mstarini. Vinaonekana baada ya miezi ya mazoezi, na huo ndio ugomvi wetu na mwalimu anayewagawa watoto siku ya kwanza kwa kuwatazama tu.

Golini hapo

Sasa tufike kwenye nafasi iliyoleta vita nyumbani kwa baba wa Bilpam. Kwa nini watu hudhani golikipa wa hoki lazima awe mkubwa? Tunadhani wanachukua mawazo ya soka. Goli la soka lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Hapo kipa mfupi ana shida ya kweli. Lakini goli la hoki lina upana wa mita 3.66, yaani nusu kamili ya lile la soka, na kimo chake ni mita 2.14. Binti wa miaka 14 akisimama katikati na kunyoosha mguu mmoja na gongo lake, tayari amefunika sehemu kubwa ya upande ule.

Halafu mipira mingi ya shule inakuja chini. Kwenye kona ya adhabu, kama shuti la kwanza ni la kupiga kwa nguvu, sheria inataka mpira uvuke mstari wa goli bila kupita kimo cha sentimita 46, yaani ule ubao wa chini unaogonga kwa kishindo. Ukizidi hapo bao halihesabiwi. Wanaourusha mpira juu kwa kuuburuza wanaruhusiwa kwenda juu zaidi, lakini huo ni ufundi mkubwa, wasichana wa kidato cha kwanza au cha pili wanaouweza ni wachache. Kwa hiyo kazi ya kipa wa umri huo ni miguu: kupiga teke mpira pembeni, kulala kwa wakati, kuinuka kabla mshambuliaji hajapata mpira wa pili. Yule mwenye mwili mkubwa anayewekwa pale "azibe goli" haambiwi hayo. Anaambiwa asimame. Mpira ukipita chini ya miguu yake anazomewa, ilhali hajafundishwa kitu.

Hapa tuseme wazi, na tunajua walimu wengine wanasoma gazeti hili: kumpeleka mtoto mnene golini kwa sababu ni mnene siyo kumpa nafasi, ni kumpa adhabu mbele ya watu. Tumeona watoto wazuri wameacha michezo yote kwa jambo hilo, na waliokuwa wanawacheka wakabaki wanacheza. Wako watoto wenye miili mikubwa wanaopiga mpira kama radi na wangekuwa mabeki wa kutegemewa. Na wako wanaopenda goli kwa moyo wao. Hao waacheni wadake.

Ukipa una kitu kingine ambacho hakipimwi kwa futi. Ni ile hali ya kutokukimbia. Mpira mgumu unakuja, mtoto mmoja anafumba macho na kugeuza uso, mwingine anausogelea. Huwezi kujua ni yupi mpaka uwajaribu wote wawili. Kama binti wa Bilpam anaomba mwenyewe kusimama mahali ambapo wenzake wanapakimbia, sisi tungekuwa mwalimu wake tungemvisha zile kinga na kofia ya chuma siku hiyohiyo tuone.

Wale wa City Park na wale wa Moscow

Baba anaandika kwamba hoki "si ya watu wetu". Kwa kweli mchezo huu una historia ndefu katika Afrika Mashariki. Nairobi, vilabu vya Masingasinga na vya Wagoa vilizalisha wachezaji walioitetemesha dunia. Kenya ilicheza hoki ya Olimpiki kuanzia Melbourne mwaka 1956, ikashika nafasi ya 6 Tokyo mwaka 1964, na katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona mwaka 1971, ilimaliza ya 4. Nahodha wa miaka ile alikuwa Avtar Singh Sohal, beki, aliyecheza Olimpiki nne, kuanzia Rome 1960 hadi Munich 1972, na tatu za mwisho alikuwa ndiye nahodha. Tukisoma habari za kizazi kile, tunakuta watu waliokua na gongo mkononi tangu wadogo, shuleni, kwenye klabu, Jumamosi na Jumapili pale City Park. Miaka mingi ya kucheza.

Uganda nayo ilipeleka timu Munich mwaka 1972. Na Tanzania ilipata nafasi Moscow mwaka 1980, wakati nchi nyingi ziligoma. Hiyo ilikuwa ngumu: India iliwafunga mabao 18 kwa bila, na katika timu sita walishika ya mwisho. Wapo watakaosema Wahindi waliwazidi maumbile. Sisi hatuoni hivyo. India ilikuwa imeshachukua dhahabu ya Olimpiki mara saba kabla ya hapo, Watanzania walikuwa ndiyo kwanza wanafika. Pengo lile lilikuwa la mazoezi na mashindano.

Tukumbushe pia wale wenye ndugu waliopelekwa Kanada au Marekani kwamba huko wakisema hoki wanamaanisha ile ya barafu, na ile ni habari nyingine kidogo. Kule kugongana kwa mwili kunaruhusiwa kwa wakubwa, kwa hiyo uzito unasaidia, hasa kwa mabeki. Zdeno Chára wa Slovakia, beki na nahodha wa Boston walipochukua ubingwa mwaka 2011, ana mita 2.06, sawasawa na Luol Deng! Lakini katika ligi hiyohiyo, mwaka 2004, mchezaji aliyetajwa kuwa wa thamani kuliko wote alikuwa Martin St. Louis wa Tampa Bay, mtu wa mita 1.73, ambaye alipokuwa kijana hakuna timu iliyomchagua. Mwaka huohuo timu yake ilichukua kombe. Alikuwa winga. Kwa hiyo hata huko kwenye barafu na kugongana, mtu mdogo amepata pa kupita. Na kama mtu anadhani Waafrika hawawezi barafu, Nairobi wapo Ice Lions wanaofanya mazoezi kwenye uwanja mdogo wa ndani ya Hoteli ya Panari. Basi.

Mwili wa miaka 14 bado haujamaliza safari

Jambo lililotugusa zaidi katika barua ile ni neno "hana mwili", kana kwamba mwili wa mtoto umeshafungwa na kuandikwa kwenye kadi ya mgao. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 10 na 13, wavulana huchelewa, wengi ni kati ya 12 na 15, na kuna wanaochelewa zaidi ya hapo. Katika darasa moja utakuta watoto wa umri mmoja, huyu ameshakuwa mama mtu mzima, yule bado kitoto. Mwalimu anayegawa nafasi kwa mwili kwenye umri huo anagawa kwa saa ya kukua, na saa hiyo kila mtoto ana yake. Yule mrefu wa leo anaweza kusimama hapohapo, wenzake wakampita.

Na kwetu sisi kuna sababu nyingine inayouma. Mtoto aliyekosa chakula katika miaka yake miwili ya kwanza huweza kubaki mfupi maisha yake yote, na wengi wa watoto wetu walizaliwa njiani au katika miaka ya njaa. Miaka hii tena mgao wa chakula umepunguzwa mara kwa mara katika kambi nyingi za Afrika Mashariki. Kwa hiyo tukisema mchezo huu ni wa wenye miili, tunamwadhibu mtoto mara mbili: kwanza alikosa uji, sasa anakosa uwanja. Tunawaomba akina mama na akina baba: mtoto anayecheza ale kabla ya mazoezi hata kama ni uji mtupu, anywe maji, na siku ambayo nyumba haina kitu asikimbizwe juani. Na yule binti mnene asinyimwe chakula ili "apungue". Anakua, anahitaji kula.

Kwa kijana mrefu wa familia ile pia tuna neno, ijapokuwa baba hakuuliza. Urefu wake umeshaanza kuwavuta watu wenye ahadi za shule za ng'ambo. Wengine ni wakweli, wengine siyo. Mtu akija, aonyeshe barua ya shule yenyewe, shule ipigiwe simu na mzazi au mwalimu, na cheti cha kuzaliwa kisibadilishwe umri kwa ajili ya mtu yeyote. Na kijana asiache masomo kwa sababu kichwa chake kinafika juu ya mlango. Manute alikuwa mmoja.

Tulichomjibu baba

Tumemwandikia kwamba asimwondoe binti kwenye hoki. Tumemshauri aongee na mwalimu kwa heshima, asiende kugomba, amwombe jambo dogo: muhula mmoja watoto wote wazungushwe, kila mmoja acheze nyuma, katikati, mbele, na anayetaka adake. Sheria za siku hizi zinasaidia, maana katika hoki wachezaji hubadilishana kuingia na kutoka bila idadi maalumu, mchezo hausimami kwa ajili yao. Hakuna mtoto anayelazimika kuganda mahali pamoja dakika zote. Mwisho wa muhula mwalimu atakuwa amemwona binti huyu golini na kwenye winga pia. Huenda mwalimu akawa na haki, binti akawa winga mzuri kuliko kipa; hilo nalo linawezekana, na akilikuta mwenyewe uwanjani hatanuna. Huyo mwenzake anayeitwa gunia naye apewe zamu ya ubeki. Na hilo jina liishe, mwalimu alikemee mbele ya wote.

Mmoja wetu mezani bado anashikilia kwamba kipa mrefu ni bora kuliko mfupi wakiwa sawa kwa mengine yote. Tumekubaliana naye kwa timu za taifa. Kwa shule ya bweni tumemkatalia.

Limebaki suala la gharama, na hapa tutoe tulichokusanya kwa wanaocheza. Gongo lichaguliwe kwa kimo cha mtoto: likisimamishwa chini pembeni yake, kichwa cha gongo kifike usawa wa nyonga au juu yake kidogo. Likiwa refu mno mtoto mdogo anapiga hewa, likiwa fupi mno mtoto mrefu anaumia mgongo. Kinga za ugoko na kile kipira cha kuuma mdomoni ni lazima pale mpira mgumu unapotumika, si pambo. Golikipa asiye na kofia, kinga za miguu na za kifua asidake mpira wa hoki wa kweli, awe mrefu awe mfupi, awe mnene awe mwembamba. Kambini, ambapo vifaa hivyo hatuna, watoto wacheze na mpira wa tenisi au wa matambara, na magoli yawe madogo bila kipa. Na kama kuna familia ina gongo la zamani limelala ndani, hata lililopasuka sehemu ya mkono, msilichomee chai. Leteni hapa ofisini. Fundi seremala hulikata juu, akaliviringisha kitambaa kipya, likamtosha mtoto wa miaka 9 au 10.